Simsim hali vizuri tangu dada aondoke, na sasa anajificha mchana kutwa

MamaPacha, South B

Hamjambo wapendwa. Nisomeni hadi mwisho tafadhali, ni mambo mengi kwa pamoja.

Nina paka dume anaitwa Simsim, rangi ya machungwa, amehasiwa, anaelekea miaka sita. Dada wetu wa kazi ndiye aliyemwokota kwenye mtaro nyuma ya ploti akiwa hajafungua macho vizuri, akamlea kwa bomba la sindano hadi akasimama. Chakula tunanunua mimi na mume wangu, lakini huyu alikuwa paka wa dada. Alfajiri dada akiamka kuwapikia watoto uji, Simsim alikuwa ameshapanda juu ya mtungi wa gesi akimngoja. Dada alichemsha omena, akazichanganya na ugali kidogo uliolala, kisha akagonga sahani kwa kijiko. Akisikia ule mlio, hata awe paa la jirani, alikuja mbio. Jioni alipewa zile punje kavu za dukani.

Mwisho wa mwezi dada alirudi kwao Vihiga kuanza ushonaji. Tuliagana vizuri, na cherehani tulimnunulia sisi. Wiki hiyohiyo mama mkwe akaja kukaa nasi kwa ajili ya miadi yake ya hospitali, kwa hiyo chumba cha dada kikapakwa rangi, kitanda kikabadilishwa, kochi la sebuleni likahamia upande wa dirisha. Dada mpya analala na watoto. Ni mtu msafi sana, anapiga deki asubuhi na jioni kwa ile dawa kali inayogeuka nyeupe ukiitia majini. Mama hapendi kuona paka jikoni, basi sahani ya Simsim imehamishiwa bafuni, karibu na beseni lake la mchanga.

Sasa akipewa chakula anakinusa, anarudi nyuma, anaondoka. Anaramba mchuzi kidogo tu. Mchana anajibanza chini ya kitanda cha mama. Usiku anakaa mlangoni akilia kwa sauti nzito ambayo sijawahi kuisikia kwake. Juzi alikojoa kwenye godoro la dada mpya, naye ameniambia kwa adabu kwamba akirudia, yeye anafunga virago. Mama anasema paka amenuna tu, njaa ikimkamata atakula. Jirani anasema nimpeleke Muthurwa akashike panya sokoni. Muthurwa haendi.

Je, huku ni kumkumbuka mtu au ni ugonjwa? Na nisubiri hadi lini kabla ya kumpeleka kwa daktari?

Wa Kabete

Pole sana MamaPacha. Mimi ni msaidizi wa daktari wa mifugo upande huu wa Kabete, paka nawaona kila wiki. Nianze na hilo la kusubiri, kwa sababu ndilo linalowamaliza.

Mbwa mzima anaweza kukaa na njaa siku kadhaa akarudi kwenye hali yake. Paka hawezi. Akipitisha siku mbili tatu bila kula, hasa akiwa mnene, mwili unaanza kuchota mafuta yake na kuyapeleka kwenye ini kwa wingi ambao ini haliwezi kuumudu. Ini linajaa mafuta, fizi na weupe wa macho vinageuka manjano, na hapo ndipo hamu ya kula inakufa kabisa. Wengine wanaishia kulishwa kwa mpira wiki nzima na zaidi. Kwa hiyo hilo la "njaa ikimkamata atakula" mweleze mama kwa heshima kwamba kwa paka halifai hata kidogo. Siku nzima bila kutia kitu mdomoni, unampigia daktari. Anayeramba mchuzi tu, huyo naye namhesabu hajala.

Lakini kilichonishtua kwenye maelezo yako ni godoro. Simsim ni dume. Njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba mno, na paka mwenye wasiwasi huvimba kibofu hata pasipo vijidudu vyovyote. Makamasi na chembechembe kutoka kibofuni zinaweza kuiziba ile njia. Ikiziba, sumu na potasiamu vinarundikana kwenye damu na moyo unaweza kusimama, na hayo yote ndani ya siku moja au mbili. Watu huona paka amechuchumaa wakadhani amefunga choo, wakamnywesha mafuta, na huku muda unakwenda.

Nenda kaangalie mchanga sasa hivi. Kuna bonge la mkojo la ukubwa wa kawaida, au ni vitone? Anachuchumaa mara kwa mara na hakitoki kitu? Anajiramba sana sehemu za nyuma? Mkojo una wekundu? Nijibu hapa.

Na asipewe Panadol wala dawa yoyote ya watu, hata nusu. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja parasitamoli, kidonge kimoja tu kinaweza kumuua. Hiyo dawa ya deki pia iondoe leo. Nyingi zinazogeuka nyeupe majini zina fenoli au mafuta ya msonobari. Paka anatembea sakafuni, anajiramba nyayo, anaimeza. Inaunguza ulimi na kumwaga mate, na paka mwenye ulimi unaowasha hawezi kula hata akitaka. Maji ya sabuni ya kawaida yatosha, kisha suuza vizuri.

Bi Mwana, Pangani

Mwanangu MamaPacha, pole. Fanya kwanza alivyosema huyu wa Kabete, haya yangu yatafuata.

Mimi nimekulia Lamu, paka tumelala nao na kula nao, na nilipokuja Nairobi kuolewa nilikuja na wangu ndani ya kikapu. Nikwambie nilichokiona miaka yote hiyo: paka haijui nyumba yake kwa macho, anaijua kwa pua. Mtazame akiwa mzima. Anapita akisugua mashavu kwenye kona ya kochi, kwenye mguu wa meza, kwenye mwimo wa mlango. Pale anaacha harufu yake, na kila akirudi kuinusa moyo unatulia. Sasa hesabu wewe mwenyewe: ukuta umepakwa rangi, kochi limehama, sakafu inasuguliwa kwa dawa kutwa mara mbili, kitanda alichokuwa akilala miguuni mwa mtu wake kimetolewa, na mtu mwenyewe hayupo. Hamkuhama ninyi, lakini yeye amehamishwa.

Dada aliacha nguo yoyote? Leso, fulana ya kazi, hata kitambaa cha kufungia kichwa. Kama ipo, usiifue. Itandike mahali pa kificho anapopapenda. Chukua na soksi safi, mpapase nayo mashavuni taratibu, kisha ipake kwenye kona za kochi na mlango wa jikoni, chini kimo chake. Usimburute kutoka chini ya kitanda. Mwache, mwekee maji na chakula karibu.

Na sahani irudi jikoni. Mama mkwe ana haki yake, simlaumu, lakini nani anakula chooni? Paka ndiye mchaguzi kuliko sisi. Kama jikoni haiwezekani, iweke hata kwenye veranda, ila mbali na mchanga. Omena zipashe moto kidogo, vuguvugu tu, mvuke umfikie puani. Chakula kilichopoa hakina harufu, na kwake kisicho na harufu si chakula. Mkumbushe dada mpya asitie kitunguu wala chumvi, kitunguu kinamharibia paka damu.

MamaPacha, South B

Wa Kabete, nimetoka kuangalia. Mchanga una vitone, tena vidogo, kama vitano hivi. Na wakati nasoma jibu lako amekwenda kuchuchumaa kwenye tundu la maji bafuni, amekaa pale muda, ametoa tone moja tu. Anajiramba sana. Tumbo sijui nishike vipi.

Wa Kabete

Usilishike tumbo, usiliminye kabisa. Mtie kwenye kikapu chenye mfuniko au boksi la katoni lenye matundu, taulo chini, nguo juu ya boksi asione barabara, uende sasa. Usingoje kesho asubuhi. Piga simu kliniki iliyo karibu ukiwa njiani, useme maneno haya: "paka dume, anachuchumaa, mkojo hautoki." Daktari yeyote wa wanyama wadogo akisikia hivyo atakuandalia nafasi.

Kijana wa Umoja

Tunakuombea MamaPacha. Akipata nafuu, mbona usimpigie yule dada wa zamani simu ukaiweka kwenye spika? Watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2013 kwamba paka hutofautisha sauti ya mwenye kumfuga na sauti za wageni, wanageuza masikio na kichwa.

MamaPacha, South B

Tumerudi. Asanteni, asanteni sana, mikono ndiyo kwanza inaacha kutetemeka.

Njia haikuwa imeziba. Daktari alikishika kibofu kikawa kidogo na laini, akasema tumewahi. Mkojo waliopima ulikuwa na damu, lakini hakuna vijidudu, kwa hiyo hakutupa antibiotiki. Amesema kibofu kimevimba kwa sababu ya msukosuko. Amemchoma sindano ya maumivu, amempa maji chini ya ngozi, na amenipa dawa ya kuendelea nayo nyumbani. Fizi si za manjano. Ulimi una kidonda kidogo pembeni, naye pia alishuku dawa ya deki kabla sijaitaja.

Dawa ile imetoka nyumbani. Sahani imerudi jikoni, pembeni mwa mtungi wa gesi. Mama nilimweleza habari ya ini akanyamaza, halafu akauliza kama paka anaweza kula kichwa cha tilapia. Nimemwambia tusubiri kwanza.

Leso ya dada tuliipata nyuma ya mlango, ameilalia. Asubuhi nilimwomba dada mpya achemshe omena na agonge sahani kwa kijiko kilekile. Yeye anaogopa paka, kwao alilelewa akiambiwa ni viumbe vya usiku, lakini aligonga. Simsim alitoka hadi kizingitini, akasimama mguu mmoja juu, akamtazama. Dada akaweka sahani chini, akatoka uani. Ndipo akala, karibu nusu, na mchuzi wote akaumaliza.

Nimebakiwa na maswali machache. Godoro nalisafishaje? Hiyo simu ya spika ni wazo zuri? Na niendelee na omena na ugali?

Bi Mwana, Pangani

Alhamdulillahi. Kuhusu simu, mwanangu, mimi ningeacha kwa sasa. Sauti anaijua, kweli, lakini ataizunguka nyumba akimtafuta mwenye sauti na hatampata, halafu usiku alie mara mbili. Dada mpya na aendelee kugonga kijiko, saa zilezile. Wala asimkimbilie kumshika. Amlishe na aende zake, paka mwenyewe ataamua siku ya kumsogelea.

Wa Kabete

Nimefurahi mno. Nakubaliana na Bi Mwana kuhusu simu.

Godoro: lowanisha kwa maji, kausha kwa taulo kwa kulikandamiza, kisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, tena maji, halafu jua kali siku nzima. Dawa ya kung'arisha nguo usiiguse hapo, ikikutana na mkojo inatoa mvuke mbaya kwa kifua. Mwongezee beseni la pili la mchanga, kwenye kona tulivu. Kanuni yetu ni beseni moja zaidi ya idadi ya paka. Na mlango wa chumba cha watoto ufungwe wakati dada hayupo, hadi dawa imalizike, ili mtu wa watu aanze kupumua.

Omena endelea nazo, lakini zioshe mchanga vizuri na usizitoe vichwa. Paka lazima apate taurini kutoka kwenye nyama au samaki. Akiikosa kwa muda mrefu, macho na moyo vinaharibika. Nayo huyeyuka kwenye maji ya kuchemshia, kwa hiyo yale maji mpe, usimwage sinki. Kwa kibofu chake maji hayo ni dawa. Ugali punguza kidogokidogo, haumfai kitu zaidi ya kumjaza tumbo. Zile punje za dukani ziloweke kwa maji ya vuguvugu kabla ya kumpa. Usibadilishe yote kwa mkupuo, chukua wiki nzima, ameshabadilishiwa mengi. Kichwa cha tilapia hapana, ule mwiba ni mgumu. Mwambie mama ambandulie minofu aliyoichemsha bila chumvi, ampe kwa mkono wake.

Mpime uzito kila wiki. Kama huna mizani, mwenye duka la nafaka hatakataa ukimpelekea paka ndani ya kikapu, kisha utoe uzito wa kikapu. Paka mwenye manyoya anaweza kukonda bila macho kuona.

Na ukimwona tena amechuchumaa pale kwenye tundu la bafu, hata kama ametoka kula vizuri, usiniandikie hapa kwanza. Panda gari.