Mrejesho: Alizeti zimeota, kuku nao wamekula zao

Mwezi wa tatu niliwauliza nipande maua gani na binti yangu wa miaka 4 hapa Moshi, maana mama alikuwa akipanda nami kila masika yakianza. Mlioshauri alizeti, asanteni sana. Mbegu ni kubwa, kwa hiyo binti alizizamisha mwenyewe kwa kidole, mojamoja, kila moja akiiambia "lala." Siku ya nane zikachomoza, nyingine ganda bado limeng'ang'ania kichwani kama kofia. Kuku wa jirani wakafukua nusu (nilinyamaza, mayai nanunua kwake). Kijiti cha waridi tulichochomeka pia kilikauka. Alizeti 5 zilizobaki zimeshampita binti kimo, na asubuhi hanywi chai mpaka akapimane nazo.