Pakeji ya "familia" Mwanza, boya la mtoto hakuna!

Wanajamvi, habari zenu. Mtakaoniambia nipoe kwanza ndiyo niandike, sipoi.

Likizo hii ya shule tumetoka Dodoma na watoto watatu kwenda Mwanza. Tukafikia hoteli moja ya ufukweni, nje kidogo ya mji. Jina silitaji. Tulilipia kabisa kabla ya safari kitu wanachokiita pakeji ya familia: malazi, kuvua samaki kwa ndoano, mtumbwi wa kupiga kasia, na boti ya jioni kuzunguka mawe. Basi halijafika Manyoni watoto walishagombania nani atakaa mbele kwenye boti.

Jioni tukashuka gatini. Kijana wa boti akatoa maboya, yote saizi ya mtu mzima, mengine mikanda imekatika imefungwa kamba ya manila. Mwanangu wa mwisho ana miaka minne. Akavishwa hilo boya likamfika magotini. Nikalishika mabegani nikalivuta juu: boya likapanda, mtoto akabaki chini. Sasa akitumbukia majini si ndiyo hivyo hivyo? Kijana ananijibu, "Mama, we mpakate tu, hatuendi mbali."

Nimpakate! Boti ikipinduka nampakata na nini, na wengine wawili nawashika kwa meno?

Nikamwita meneja. Akaja na simu sikioni. Eti wageni wanapanda kila wikiendi na hajawahi kusikia malalamiko, na hela ya boti hairudi kwa sababu pakeji haigawanyiki. Kaka, hili ni ziwa ilikozama meli ya MV Bukoba, Mei 1996. Ni ziwa la MV Nyerere, Septemba 2018, iliyopinduka pale Ukara gati likionekana kwa macho, wakafa watu zaidi ya 220. Mtu anafanya biashara ya boti Mwanza halafu boya la mtoto kwake ni anasa? Maboya ya watoto yapo, yanauzwa kwa kilo za mtoto, na mazuri yana mkanda wa kupita katikati ya miguu lisimvuke kichwani. Bei yake haifiki hata ule ukuta wa maua walioujenga watu wapigie picha.

Basi, nikasema watoto wacheze ufukweni. Ufukwe wenyewe nusu ni matete, maji yametuama, konokono unawaona, na konokono wa majini ndio wanaobeba kichocho. Mtu wa kanda ya ziwa haambiwi kichocho kinakaa wapi, lakini mgeni wa Dodoma nani anamwambia? Kibao hakuna. Niliyemuuliza wa mapokezi akasema "maji ya huku ni salama, hata wazungu wanaogelea." Jibu la kitaalamu hilo. Na bwawa la kuogelea, lile la kwenye picha, limekaushwa, liko kwenye matengenezo.

Ndoano za kuvulia tulipewa mbili, chambo tukanunua wenyewe.

Kesho yake tukachukua gari kwenda Bujora, Kisesa, makumbusho ya Wasukuma. Watoto wamefurahia ngoma kuliko chochote tulicholipia hotelini, na huko angalau hakuna maji. Njiani unapita Igoma, walikozikwa watu wa MV Bukoba. Mkubwa akauliza pale pana nini, baba yake akamweleza, na huyo mtoto hakuitaja tena boti mpaka tunaondoka.

Siku ya kuondoka bili ikaja na "huduma ya ufukweni" juu yake. Nimeikataa, tumebishana mapokezi mpaka mlinzi akaitwa. Ya boti bado wanayo na naidai, meseji zote ninazo.

Wakuu mnaoishi Mwanza, Musoma na Bukoba: ni wapi umeona kwa macho yako, siyo kwenye tangazo, boya linalomkaa mtoto wa kilo 15? Tajeni hapa chini. Na kama wewe ndiye meneja unasoma, namba yangu ya kurudishia hela unayo.