Je, Ivan na Juan ni jina moja?

Swali: Ndugu wachangiaji, nimesoma kwamba Ivan la Kirusi, Juan la Kihispania na Jean la Kifaransa ni jina lilelile la Yohana. Yawezekanaje, ilhali matamshi yake hayakaribiani?

Jibu la kwanza: Yote yanatokana na jina la Kiebrania Yohanan, yaani "Mungu amefadhili", ambalo lilipitia Kigiriki, na kwa lugha za magharibi Kilatini pia, kisha kila lugha ikalifinyanga kwa sauti zake.

Jibu la pili: Maana nayo husafiri bila sauti: Theodoros la Kigiriki na Nathanaeli la Kiebrania yote hutaja kipawa cha Mungu, ingawa hayana mzizi mmoja. Dorothea (hili hunifurahisha mno) ni Theodora, umbo la kike la Theodoros, ambalo sehemu zake mbili zimebadilishana nafasi.

Muulizaji: Nashukuru. Giovanni nalo limo?

Jibu la kwanza: Limo, kwa Kiitaliano.