Mjadala: Je, Jenerali Gage aliipoteza Massachusetts kwa upole wake?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila historia ya Marekani inapoguswa, hakosi mtu wa kusema kwamba Uingereza iliipoteza Massachusetts, koloni lake la Amerika, kwa sababu gavana wake wa mwisho, Jenerali Thomas Gage, alikuwa mpole kupita kiasi. Hata maofisa wake walimwita bibi kizee. Mimi siafiki. Kosa la Gage alilifanyia London, Februari 1774, kabla hata hajapewa huo ugavana.

Kwa wasiomjua: alikuwa mkuu wa majeshi ya Uingereza Amerika Kaskazini tangu 1763, na mkewe, Margaret Kemble, alikuwa mzaliwa wa New Jersey. Desemba 1773, makasha 342 ya chai yalipotoswa bandarini Boston na wapinga kodi ya chai, yeye alikuwa likizoni Uingereza. Mfalme George III akamwita. Gage akamwambia kwamba walowezi wale watajifanya simba mradi Uingereza imekuwa kondoo, lakini ikikaza wataufyata, na kwamba rejimenti nne Boston zinatosha. Mfalme akafurahi, akamwandikia waziri mkuu wake, Lord North, naye amsikilize. Haukupita muda Bunge likapitisha sheria za adhabu: bandari ya Boston ifungwe mpaka chai ilipwe, baraza la jimbo liteuliwe na mfalme, na mikutano ya miji isizidi mmoja kwa mwaka bila kibali cha gavana. Nani akazisimamie? Si huyo huyo aliyesema kazi ni nyepesi!

Alitua Boston Mei 1774. Juni 17 ikamkuta ya kumkuta. Bunge la jimbo lilikuwa limehamishiwa Salem, na Gage akapata fununu kwamba wajumbe wanataka kuchagua watu wa kwenda Philadelphia kwenye kongamano la makoloni yote. Akamtuma katibu, Thomas Flucker, na hati ya kulivunja bunge. Flucker akakuta mlango umefungwa kwa ufunguo. Akabisha, hakufunguliwa. Basi akaisomea hati ngazini, mbele ya watu wachache waliokuwa wamesimama hapo, huku ndani kura zinapigwa. Mhuri anao, jeshi analo, na mlango hafunguliwi.

Kufikia Novemba alikuwa ameshaamka. Akaandika London: mkiona elfu kumi wanatosha, leteni elfu ishirini. Yeye alikuwa na askari kama 3,000. Akapendekeza hata zile sheria zisimamishwe kwanza. Mfalme akaona ni upuuzi. Ungekuwa wewe, ungemwamini mtu aliyekuambia rejimenti nne?

Naomba kuwasilisha.

Mtoro wa Darasani

Mkuu, umeandika vizuri ila unamkingia kifua. Samuel Adams na John Hancock, vinara wa upinzani, walikuwa wakipita mbele ya macho yake. Machi 1775 mwenzao Joseph Warren alihutubia umati pale Old South, jumba la ibada na mikutano la Boston, maofisa wa jeshi wamekaa wanasikiliza, Adams yupo, na hakuna aliyeguswa. Lord Dartmouth, waziri wa makoloni, alishaandika tangu Januari kwamba vinara wakamatwe. Barua imefika katikati ya Aprili, na Adams na Hancock wako Lexington, nje ya Boston. Gavana wa kungoja barua ivuke bahari ndipo ajue la kufanya, huyo ni karani tu.

Dada wa Maktaba

Awakamate halafu awapeleke mahakama ipi? Septemba 6, 1774, mjini Worcester, wanamgambo zaidi ya 4,600 walijipanga pande mbili za barabara. Majaji wakapitishwa katikati, kofia mkononi, wakisoma tamko la kuachia kazi, wakifika mbele kidogo wanaambiwa warudie ili na wa huku wasikie. Hakuna risasi hata moja. Hiyo ni miezi saba kabla ya vita. Wajumbe wa baraza walioteuliwa na mfalme nao ama walijiuzulu ama walikimbilia Boston. Sheria za kufunga watu alikuwa nazo, wa kuzitekeleza nje ya Boston hakuwa naye.

Mtoro wa Darasani

Uingereza mahakama zilikuwepo, dada. Bunge lilishaifufua mwaka 1769 sheria ya zama za Henry VIII ya kupeleka wahaini wakashtakiwe huko huko. Meli alikuwa nazo.

Kambi Popote

Nimeweka kambi hapa. Ila kuna wanaosema mkewe ndiye aliyemwaga kwa Warren siri ya safari ya askari wa Gage kwenda mji wa Concord kuteka silaha, Aprili 1775. Hilo mbona hamligusi?

Mleta mada

Kambi Popote, la mke halina ushahidi, ni dhana tu. Warren aliuawa kwenye vita vya Bunker Hill, Juni 1775, bila kumtaja aliyempa habari. Na usisahau Gage naye alikuwa na mtu wake: Dakta Benjamin Church, kigogo wa upande wa wanamapinduzi, alikuwa anamuuzia habari. Habari hazikumpungukia.

Mtoro, sawa, chukua hiyo meli yako. Septemba 1, 1774 Gage alituma askari alfajiri wakachukue baruti kwenye ghala nje ya Boston. Hakuuawa mtu. Lakini uvumi ukaenea kwamba Boston inapigwa mizinga, na kesho yake maelfu ya watu wenye silaha wakaingia Cambridge, wakamlazimisha naibu gavana Thomas Oliver kujiuzulu ujumbe wa baraza. Hiyo ni baruti tu! Mpandishe Hancock melini uone. Aprili 19, 1775 alipojaribu ukali mnaoutaka, aliwatuma askari kama 700 Concord, akalazimika kuongeza wengine kama 1,000 wakawaokoe, na jioni hesabu ya askari wake ilikuwa 73 wamekufa na 174 wamejeruhiwa.

Mtoro wa Darasani

Basi kama Novemba alishajua hawezi, mbona hakujiuzulu? Aliendelea kukaa, Juni 1775 akatangaza sheria ya kijeshi na msamaha kwa wote isipokuwa Adams na Hancock, siku tano baadaye Bunker Hill ikala watu wake zaidi ya 1,000 kati ya waliokufa na kujeruhiwa. Wangempa kazi mtu mkali mapema.

Mleta mada

Hapo nakubali nusu: kubaki ofisini huku unaandika kwamba ofisi haifanyi kazi ni doa lake. Lakini aliyeongoza mashambulizi ya Bunker Hill ni Jenerali William Howe, na Howe huyo huyo ndiye aliyekabidhiwa jeshi Gage alipoitwa nyumbani Oktoba 1775. Askari alikuwa nao wengi kuliko wale 3,000. Machi 17, 1776 akawapakia wote melini akaiacha Boston. Nitajie alichofanya Howe kule Massachusetts ambacho bibi kizee alikishindwa.