Mgonjwa anaona au anasikia visivyokuwapo: nitatofautishaje?

Muuguzi_Langoni
Assalamu alaykum. Ninafanya kazi katika zahanati moja hapa Lamu, ambako mgonjwa wa akili huonwa kwanza na muuguzi, na daktari wa magonjwa hayo hapatikani ila kwa safari ndefu nje ya kisiwa. Faili za wagonjwa wetu huandikwa tu kwamba "anaona maruweruwe", ilhali hali zao hazifanani hata kidogo. Yuko mzee mwenye mtoto wa jicho ambaye huona watoto wadogo wenye nguo za rangi wakipita sebuleni, na mwenyewe anakiri kwamba hawapo. Yuko kijana anayesikia watu wawili wakimjadili. Yuko pia mwanamke aliye katika eda, ambaye alfajiri humsikia marehemu mumewe akimwita jina. Nianzie wapi kuwatenganisha?

Tabibu_Malindi
Wa alaykum salaam, dada. Kwanza hakikisha kwamba kweli hakuna kitu. Mtu mwenye homa anayeiona kanzu iliyotundikwa ukutani akadhani ni mtu amesimama, huyo amekosea kukitambua kitu kilichopo. Maruweruwe hasa hutokea pasipo kitu chochote. Tofauti hiyo ilielezwa na tabibu Mfaransa Esquirol tangu karne ya 19, na hadi leo ndiyo hatua ya kwanza.

Kisha uliza yanamjia kwa mlango gani wa fahamu. Sauti za watu ndizo tunazozikuta zaidi katika skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, hasa zinapozungumza juu ya mgonjwa kama mtu asiyekuwapo au kusimulia kila analolitenda, ingawa husikika pia katika maradhi mengine, kama vile mfadhaiko mkubwa. Anayeona zaidi kuliko kusikia, na hasa kama hali imeanza ghafla, hajui leo ni siku gani na usiku huzidiwa, mchunguze mwili kabla ya kumwita mgonjwa wa akili: pima joto, sukari na malaria, uliza dawa anazotumia na pombe. Mlevi wa mnazi aliyeacha ghafla anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho na kuona wadudu au wanyama, kwa kawaida kati ya saa 48 na 96 baada ya kinywaji cha mwisho. Hiyo ni dharura inayoweza kuua, na kumfunga kamba nyumbani ni kumwongezea hatari.

Harufu ya kitu kinachoungua, ambayo wengine hawaisikii, ikija kwa muda mfupi na kumwacha mtu ameduwaa, hunifanya niulize habari za kifafa. Anayehisi wadudu wakitambaa chini ya ngozi, muulize kuhusu kokeini au kuacha pombe.

Mzee wako simwoni kuwa na wazimu. Mwaka 1760 Charles Bonnet, mwanazuoni wa Geneva, aliandika habari za babu yake, ambaye macho yalikuwa yamefifia lakini akili timamu, akawa anaona watu, ndege na majengo yasiyokuwapo. Hali hiyo sasa huitwa kwa jina la Bonnet. Mwelezeni, apelekwe kwa daktari wa macho. Lakini kama kumbukumbu na umakini wake hupanda na kushuka, na mwendo umekuwa mzito, fikirini ugonjwa wa Lewy, aina mojawapo ya ugonjwa wa kupoteza akili uzeeni, na msikimbilie haloperidoli, dawa inayotumika kutuliza maruweruwe, kwa maana wagonjwa hao huweza kudhurika vibaya nayo.

Ustadh_Shela
Naomba kuongeza la upande wetu. Familia nyingi zitasema ni jini, nazo zitakuwa zimekwisha kumsomea kabla ya kufika kwenu. Sioni faida ya muuguzi kubishana nao. Waulizeni watu wa nyumbani, wenye imani ileile, kama wanaliona jambo hilo kuwa la kawaida au wao wenyewe limewatisha. Wakisema kwamba huyu si kama walivyomzoea, haogi, hali chakula wala halali usingizi, hapo dawa na kisomo viende pamoja. Huyo mama wa eda, kwa maoni yangu, mwacheni aomboleze.

Tabibu_Malindi
Nakubaliana na ustadh. Kumsikia au kumwona marehemu ni jambo linalowapata wafiwa wengi, na sauti inayokuja mtu akiwa kati ya usingizi na kuamka huwapata hata wazima. Mfuatilie tu ikiwa anakosa kula, au sauti inamwita amfuate.

Muuguzi_Langoni
Ahsanteni. Kijana naye amenieleza leo kwamba siku nyingine wale wawili humwamuru mambo, ila hakutaka kuyataja.

Tabibu_Malindi
Basi huyo ndiye wa kwanza kushughulikiwa, dada. Muulize faraghani, kwa upole lakini waziwazi: wanamwamuru afanye nini, amewahi kuwatii, na anaweza kuwakatalia? Kumuuliza hakumwekei kichwani wazo la kudhuru. Wakimwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, asiachwe peke yake, visu na dawa za kuulia wadudu viondolewe nyumbani, na safari ya hospitali iwe leo hii, akisindikizwa na mtu anayemwamini.