Mafundi, acheni kuunyamazisha usukani! Shokapu siyo dawa ya kila mtetemo

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta kwa sababu ulijaa matusi. Huu ni wa nne, matusi nimeyapunguza. Mods, naomba msiuunganishe na ule wa "gari gani nzuri kwa safari ndefu". Hapa hatuulizani bei.

Nina Land Cruiser HZJ79 ya 2004, iliyorefushwa, paa la kufunguka, inapeleka wageni Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Naendesha mwenyewe. Mbele ina ekseli ya gogo, siyo magurudumu ya kujitegemea, kwa hiyo mwenye Prado aliyekuja kuniambia "mimi yangu haisumbui" apite tu na Mungu ambariki.

Mwezi wa tano, masika yanaisha, usukani ulianza kutetemeka kila nikifika 70. Mtetemo mdogo, wa kutekenya vidole. Halafu pale katikati kukawa na ulegevu: naukata kulia upana wa vidole vitatu, gari bado inafikiria. Kwenye lami inatangatanga kama mlevi anayetafuta kwao.

Nikaenda gereji. Gereji yenye vigae, yenye mashine ya maji ya kunywa mapokezini. Sitaitaja. Wakafanya balansi, wakafanya alaimenti, mtetemo upo. Kijana akaja na tabasamu: "Bosi, hapa tunabadilisha shokapu ya usukani, kila kitu kinaisha." Laki na themanini pamoja na ufundi. Nikatoka pale gari imetulia kama maji mtungini. Na mimi mjinga nikawapigia simu kuwashukuru! Hiyo simu ndiyo inayoniuma kuliko hela.

Shokapu ya usukani kazi yake ni kumeza mapigo ya ghafla yanayotoka magurudumuni. Basi. Haishikilii gurudumu, haielekezi gari, haibebi kitu. Gari ambayo viungo vyake vya mbele ni vizima, hata ukiifungua hiyo shokapu ukaiacha nyumbani, haitakiwi kushikwa na mtetemo. Kwa hiyo mtetemo ukiisha kwa shokapu peke yake, ujue mgonjwa wa malaria amepewa Panadol. Homa imeshuka, vijidudu vinaendelea na kazi.

Usukani ndio unaomletea dereva habari za chini. Mzee aliyenifundisha kazi alianzia kwenye Land Rover zisizo na pawa ya usukani, na somo lake la kwanza lilikuwa vidole gumba: viwe juu ya usukani, visiingie ndani kukumbatia mduara. Tairi la mbele likigonga jiwe, usukani unaruka wenyewe, na kidole kilichokuwa ndani kinavunjika. Siku hizi pawa inameza mengi, na steringi boksi yenyewe, lile boksi la gia za usukani, hii ya gololi, ina tabia ya kumeza. Kinachokufikia mkononi ni mnong'ono tu. Sasa mnong'ono ukibadilika, fundi badala ya kuuliza unasema nini, anauziba mdomo. Na risiti juu.

Wiki tatu baadaye ulegevu ukarudi, mkubwa zaidi. Nikaenda gereji ya pili. Huyu hakuinama hata chini ya gari. Alifungua boneti, akalegeza nati ya juu ya steringi boksi, akakaza skrubu, akasema "jaribu sasa". Nikajaribu, ulegevu hakuna. Elfu thelathini, dakika kumi. Nikamwona huyu ndiye fundi!

Kesho yake napanda Ngorongoro, pale ukingoni mwa kreta kwenye ukungu, nakata kona, usukani haurudi. Lazima niuvute kwa mkono kuunyoosha, kila kona. Wageni wanapiga picha za mawingu, mimi napigana na chuma.

Nilikuja kuelewa baadaye. Ndani ya boksi hiyo kuna skrubu ndefu inayozunguka juu ya gololi, na meno yanayosukuma mkono wa kutokea. Dereva huenda moja kwa moja muda mrefu kuliko anavyokata kona, kwa hiyo yanayolika ni meno ya katikati. Ukikaza mpaka ulegevu wa katikati uishe, kule pembeni ambako hakujalika kunabana. Mbaya zaidi, sehemu kubwa ya ulegevu wangu haikutoka kwenye boksi. Jamaa alikaza boksi ili kuficha kibovu kilichokuwa kwingine.

Gereji ya tatu angalau walitikisa magurudumu, wakaona tairodi endi, vile viungo vya kwenye ncha za fimbo inayogeuza magurudumu, zimekwisha. Kweli zilikuwa zimekwisha, hilo nawapa. Wakanielekeza duka la spea, nikauziwa seti "jenuini", boksi lina nembo, lina stika inayometameta, bei ya jenuini. Safari nne tu. NNE. Mpira wa kufunikia umekuwa mgumu kama soli ya kandambili, umepasuka, vumbi limeingia. Na anayelijua vumbi la Ndutu na Naabi, kule kusini mwa Serengeti, anajua nasema nini. Nyanda zile ni majivu ya volkano, laini kama poda ya mtoto. Likichanganyika na grisi linakuwa msasa. Kila ukikata usukani unajisagia kiungo mwenyewe.

Kilichofuata ndicho kilichonileta hapa.

Narudi Arusha na Wajerumani wanne. Nimeshashuka mlima, nimeipita Mto wa Mbu na akina mama wa ndizi nyekundu, niko kwenye ule mnyooko wa kwenda Makuyuni, spidi 75. Kuna kidaraja, kiungo chake kimeinuka kidogo. Tairi la kushoto likakipiga, na gari ikashikwa na degedege. Sina neno jingine. Usukani unakwenda kulia na kushoto haraka kuliko mkono unavyoweza kufuata, dashibodi inapiga kelele, chupa za maji zinaruka, magurudumu ya mbele yanapigapiga kama mbawa za kuku aliyechinjwa. Mbele yangu kuna bodaboda na kundi la mbuzi pembeni. Sikukanyaga breki kwa nguvu, niliachia mafuta, nikaushika usukani bila kushindana nao, gari ikashuka mpaka 30 ndipo ikatulia. Mama mmoja akauliza kama tumegonga mnyama. Nikasema ndiyo, mama, mdogo. Mungu anisamehe.

Ile shokapu mpya ya laki na themanini ilikuwa imefungwa palepale, wakuu. Mpya.

Nilijikongoja kwa 40 mpaka mjini. Dereva mwenzangu akanipeleka kwa mzee mmoja Ngarenaro, gereji yake ni mwembe na mkeka. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, gari imefanya nini. Hakushika spana kwanza. Akamwita kijana wake akae kwenye usukani, auchezeshe kidogo kulia na kushoto, gari iko chini, yeye amelala mvunguni na kiganja juu ya kila kiungo kimoja kimoja. Kiungo kibovu unakisikia kwa mkono kabla ya kukiona. Tairodi endi zangu za "jenuini" zilikuwa zinagongagonga tayari.

Kisha akapiga jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Linacheza. Akamwambia kijana akanyage breki, akatikisa tena. Bado linacheza. "Ungekuwa mchezo wa beringi za gurudumu, breki ingeushika. Hii ni kingpini." Yaani egemeo ambalo gurudumu la mbele hugeukia ukikata kona. Dakika tano! Hakuna mashine, hakuna kompyuta, hakuna mapokezi. Gereji tatu zilishindwa kufanya kitu cha dakika tano.

Alipofungua ndipo nilipotamani kulia. Beringi ya chini ya kingpini, kwenye kikombe chake, imechorwa vishimo vimejipanga kama ubao wa bao. Mzee akanieleza taratibu: beringi hii haizunguki kama ya gurudumu, inageuka kidogo tu na kurudi, kwa hiyo roli zake hukaa palepale miaka yote zikipigwa nyundo na barabara. Sasa fikiria kutoka geti la Loduare, la kuingilia Ngorongoro, mpaka Seronera katikati ya Serengeti, barabara imejikunja kama bati. Wengine huikimbiza gari ili iruke juu ya mikunjo, lakini Serengeti mwisho ni 50, na kwa 50 unakula kila kunjo moja baada ya jingine. Beringi ikishachimbika, mkazo wake unapotea, na gurudumu linapata nafasi ya kucheza degedege.

Akaweka beringi mpya, akapanga vile visahani vyembamba vya kurekebisha mkazo, kisha akachukua mizani ya ndoano, ile ya wauza nyama, akaivuta kwenye mkono wa kugeuzia gurudumu kupima uzito wa kugeuka. Akatoa kisahani, akapima tena. Akarudisha boksi kwenye mkazo wake. Tairodi endi tukatafuta nyingine kwa mtu anayemjua yeye.

Ile shokapu aliifungua akaiweka pembeni. "Endesha kwanza bila hii." Nikaenda mpaka Kisongo na kurudi, 80, 90, mikono miwili, kisha vidole viwili. Gari imenyooka. Na usukani unaongea tena! Nasikia kokoto, nasikia ukingo wa lami. Niliporudi ndipo akaifunga.

Kosa langu lipo, nalisema kabla hamjaanza. Nilitoa matairi ya 7.50 membamba iliyokuja nayo, nikaweka mapana na rimu za kutokeza nje, kwa sababu gari ya wageni lazima ivutie pichani. Gurudumu likitokeza nje, kila jiwe linapata wenzo mrefu wa kupinda usukani. Mzee aliziangalia zile rimu, akaniangalia mimi, akaguna. Guno lile lilitosha.

Lakini rimu zangu hazikumtuma mtu aniuzie shokapu badala ya kuinama. Wala hazikumtuma mwenye duka kuweka chuma cha bati kwenye boksi la stika. Nilipompigia huyu wa duka akaniambia "bosi, barabara zenu mbovu, hakuna spea inayohimili". Ndugu yangu, tairodi endi zilizotoka na gari kiwandani zilikaa miaka kwenye barabara hiyohiyo!

Beringi yenye vishimo, tairodi endi zote mbili na lile boksi la stika nimevitia kwenye kiroba, viko nyuma ya siti. Jumatatu saa mbili asubuhi niko mlangoni kwa huyo mwenye duka, risiti ninayo. Aliyewahi kurudishiwa hela na duka la spea aniambie: uliingia na maneno gani, na ulienda peke yako au na mtu?