Naomba ushauri: njia ya ukingoni mwa bwawa au ya juu msituni?

Ndugu zangu, naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kutembea katika hifadhi za misitu zilizo kando ya mabwawa. Nataka kwenda na mama yangu, ambaye magoti humsumbua hasa anapoteremka, na njia zilizopo ni mbili. Ya chini hufuata ukingo wa maji na ni tambarare, lakini maji yanapopungua huacha ukanda wa tope ambao juu hukauka na kupasuka ilhali chini bado ni laini, na mguu huzama hadi kwenye kifundo. Ya juu ni kavu, ila mizizi imejitokeza, na majani yaliyooza huteleza sana baada ya mvua.

Kanuni ya Naismith ya mwaka 1892, ya kukadiria muda wa kutembea kwa miguu milimani, huhesabu saa 1 kwa takriban kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Je, kwa mtu wa umri wa mama niuzidishe muda huo mara mbili? Fimbo mbili zitampunguzia kweli uzito magotini, au moja inatosha? Naomba pia mnieleze namna bora ya kujikinga na kupe kwenye nyasi ndefu za ukingoni, kwani hilo linanitia wasiwasi zaidi.